Vitenge Vikuukuu Kiunoni mwa Apio

Kabla Benedetta Alupo hajaajiriwa, wanawake waliovuka mpaka pale Malaba walikuwa wakipekuliwa kwa macho tu. Walinzi walikuwa wanaume, na mwanamume angeweka wapi mkono? Mpaka siku moja mmoja wao akamgusa kiunoni mke wa mzee wa kanisa, na maneno yakazuka hadi yakafika Busia. Ndipo wakubwa wa forodha wakatafuta mama mtu mzima, mwenye heshima zake, anayejua kusoma na kuandika. Benedetta alikuwa mjane wa Chakol, amesomeshwa na masista mpaka darasa la saba. Wakampa chumba cha mabati nyuma ya ofisi, benchi moja, pazia mlangoni na ufunguo wa kufuli.

Mwingine angeifanya kazi ile kwa ukali. Yeye aliifanya kwa hamu ya kujua. Akikuta betri ndani ya mkate, hakuuliza kwa nini umevunja sheria. Aliuliza mkate ulipasuliwa ukiwa moto au baada ya kupoa. Siku aliyokuta sigara katikati ya kabichi, aliketi chini akaifunua jani kwa jani, kisha akamwambia mwenyewe, "Sasa haya majani uliyarudishaje, dada? Hebu nionyeshe." Mali ilibaki ofisini, lakini mwenye kabichi alitoka akicheka, maana hakuna aliyewahi kumsifia ufundi wake.

Kitu kilichomkera Benedetta pale forodhani ni neno. Makarani walikuwa na neno lao la Kizungu, haidi, yaani kuficha, na wanawake wa foleni wakalidaka, likawa la kila jambo. Huyu anahaidi sukari, yule amehaidi sabuni, hata mtu akifunika sufuria ya mboga kwa sababu ya nzi, utasikia amehaidi mboga. Benedetta alilisoma neno hilo kwa masista, akalishika vizuri, na hakupenda kuliona likivurugwa. Chakula unakifunika. Mbegu unaiweka. Aibu ya mwenzako unaisitiri. Lakini ukisema mtu anahaidi, ni lazima kuwe na mwingine anayetafuta, la sivyo hakuna kuficha hapo. Kwa hiyo kila alipokuta kitu alijiuliza: huyu anamficha nani kitu hiki?

Mara nyingi jibu lilikuwa rahisi. Anaificha serikali ushuru wake. Kwa Apio ndipo swali lilipomshinda.

Apio alikuwa kijana wa kike aliyeolewa upande huu wa Kenya, si mbali na mto. Mume wake, Okiria, alifanya kazi mbali na kurudi nyumbani mara mojamoja. Kila siku ya soko Apio alivuka kwenda Tororo, ng'ambo ya mpaka, na karai la dagaa wa omena kichwani, jioni akarudi karai likiwa tupu, na kwenda na kurudi kiuno chake kilikuwa kinene. Mara ya kwanza Benedetta alipompekua, alikuta vitenge vimezungushwa kiunoni, kimoja juu ya kingine. Akavuta ncha ya kile cha nje, akanusa. Kitenge kipya kinanuka wanga na duka. Hiki kilinuka sabuni ya mche na moshi wa kuni, na pindo lake limechakaa. Akavuta cha pili: vilevile. Nguo kuukuu hailipiwi ushuru, akamwacha aende zake.

Siku ya soko iliyofuata, vilevile. Na iliyofuata hiyo. Foleni nzima ilishamzoea, ikimtania kwamba leo amebeba duka na mwenye duka. Apio naye alikuwa akicheka na kujipiga kiunoni pa! pa! ili kila mtu asikie. Hapo Benedetta alizidi kushangaa. Alishaona wanawake wakibeba magendo ya kila aina, na hakuna hata mmoja aliyepiga mzigo wake makofi mbele za watu. Huyu alikuwa akihaidi matambara, tena alitaka ajulikane anahaidi. Benedetta alilala na swali hilo, akaamka nalo. Angeweza kuvifungua vyote siku ya kwanza, lakini sheria yake ilikuwa kutafuta mali, na mali haikuwepo.

Akaja bosi mpya, Bwana Ojwang, amehamishwa kutoka Busia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa suruali iliyopigwa pasi ikasimama, asiyependa kudanganywa. Mtu fulani alimnong'oneza kwamba yule mnene wa kiuno hupita kila juma kwa sababu anagawana na mama wa chumba cha mabati. Ojwang akamwita Benedetta, akamwambia wazi kwamba siku ya soko inayokuja Apio avuliwe mpaka ngozi, mbele ya shahidi. Akikutwa na mali, Benedetta arudi Chakol. Na kazi ile ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba yake, watoto na mama mkwe.

Shahidi aliyechaguliwa ni Dolphine, aliyeuza chai uani mwa forodha. Alikuwa mchangamfu na mkarimu wa mandazi, ila habari ukimpa asubuhi, jioni imeshafika Funyula.

Siku ikafika. Apio aliingia chumbani akitabasamu kama kawaida yake, akamwona Dolphine ameketi kwenye benchi, na tabasamu likamtoka. Nje ya pazia viatu vya Ojwang vilionekana. Benedetta alieleza amri, kwa upole, kisha akaanza kuvifungua vitenge. Alipokuwa akizungusha nguo alimtazama Apio usoni, kwa kuwa uso humwonyesha mpekuzi mahali mkono usipojua. Mwenye magendo huangalia mlangoni alipo bosi, au huiangalia mikono ya anayempekua. Apio hakuangalia huko. Macho yake yalikuwa yameganda mdomoni mwa Dolphine.

Hapo Benedetta akapata mtafutaji wake. Msichana huyu hakuwa akiificha serikali kitu. Aliwaficha watu, wenye midomo.

Akasimama na kitenge kimoja mkononi. "Dolphine, shika hapa na hapa, nyanyua juu. Kule dirishani kuna madereva wanachungulia."

Dolphine akanyanyua mikono miwili juu ya kichwa, kitenge kikashuka kati yake na Apio kama ukuta, na yeye akabaki nyuma yake akitazama maua ya kitambaa. Benedetta akafungua mzunguko wa mwisho.

Ilikuwa mimba. Kubwa, imeshuka, ya kukaribia. Alipoweka kiganja, mtoto alicheza.

Apio alimwinamia sikioni, akamweleza kwa sauti ya pumzi tu. Mimba zilizotangulia zilimtoka, zote, na kila moja ilimtoka baada ya watu kuanza kusalimia tumbo, wakiuliza utajifungua lini, utamwita nani. Nyanya yake akamwambia huyu asisalimiwe na mtu mpaka awe nje analia. Lakini tumbo halifichiki kwa shuka. Akaona heri watu waseme Apio ana magendo. Mtu hamuulizi mwenye magendo amebakiza miezi mingapi.

"Na sasa wewe umemwona, mama," akanong'ona.

"Mimi sijamsalimu," Benedetta naye akamnong'oneza. "Nimepekua tu."

Akamfunga upya, haraka, kwa kukaza kuliko alivyokuja, kisha akachukua kitenge kutoka mikononi mwa Dolphine aliyekuwa ameanza kulalamika mabega. Akatoka nacho, akakiweka mbele ya Ojwang.

Ojwang alikigeuza, akakinusa, akaona viraka. Akauliza ndani kulikuwa na nini. Benedetta akasema ndani ni vingine kama hicho, na hakuna mali. Ojwang akamgeukia Dolphine. Dolphine hakuwa ameona chochote zaidi ya maua, lakini shahidi gani atakubali kwamba aliitwa kushuhudia akashikishwa pazia? Akainua kidevu, akasema ni hivyo hivyo kama mama alivyosema.

Bosi hakuwa mjinga. Alimruhusu Apio aende, akambakisha Benedetta.

"Mama, mtu hawezi kuhaidi matambara," alisema. "Matambara ndiyo yanahaidi kitu. Wewe umekiona."

"Nimekiona, bosi."

"Basi niambie, kazi ibaki yako. Sitaki kingine."

Benedetta alifikiri. Angeweza kumwambia, naye huenda angenyamaza. Lakini angetoka pale akimjua Apio kwa jambo hilo, na kesho akipita angemtazama tumboni hata bila kutaka, na jicho nalo ni salamu.

"Hakilipiwi ushuru," akasema. "Zaidi ya hapo si changu kusema."

Ojwang alikikunja kile kitenge mara mbili. Kisha akasema, bila hasira, kwamba hawezi kuweka mpekuzi anayeona na asiseme, kwa sababu siku nyingine atakachokiona kitakuwa bunduki. Benedetta hakubishana, maana aliona hata yeye kama angekuwa bosi angesema vivyo hivyo. Akatoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya kitenge.

Akarudi Chakol, akawa anauza wimbi na mtama sokoni. Na maswali yakamfuata huko. Aliyezoea kuuliza wenzake sasa akawa wa kuulizwa: Apio alihaidi nini? Wengine walisema dhahabu ya Kongo. Wengine walisema dawa za kienyeji. Dolphine mwenyewe alikuja na chupa ya chai ya bure, akambembeleza, ati wao ni mashahidi wa kitu kimoja. Benedetta aliinywa chai, akamuuliza bei ya sukari. Usiku, peke yake, alikuwa na swali lake mwenyewe, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza bila kulitoa nje: je, mtoto yule yuko hai?

Mvua zikanyesha, zikaisha. Asubuhi moja watu wa soko walianza kugeuza shingo. Apio alikuwa akipita kati ya vibanda polepole, kiuno chake chembamba kama kijiti, mgongoni kitu kimefungwa, na kila aliyemsimamisha alimgeuzia mgongo aone. Nyuma yake alikuja Dolphine, mkono mdomoni. Alitoka Malaba akimfuata, akisahau hata majiko yake.

"Mama Okedi," alimwambia Benedetta, akimwita kwa jina la mwanawe, "ulijua. Miezi yote hii ulijua, ukanywa chai yangu."

Benedetta alikuwa ameshaondoka penye mizani, amesimama mbele ya Apio.

"Ni mtoto gani?" akauliza. Sasa hilo ndilo swali lililobaki.

"Fungua uone, mama. Sasa hata soko zima lione."

Akafungua ncha ya kitenge. Alikuwa msichana, mnene, amekunja ngumi, na kelele za soko hazikumwamsha. Benedetta akainama mpaka nyuso zao zikakaribiana, akamsalimu kwa Kiteso cha nyumbani, kirefu, kama unavyomsalimu mtu mzima aliyetoka safari ya mbali.