Mkwe Hatazamwi

Baba za watoto wenzetu, wakipata siku ya mapumziko, walikwenda kilabuni au walilala. Baba yetu alitupeleka kutazama vitu. Alikuwa dresa katika hospitali ya Mbeya, mtu wa bandeji na sindano, na aliamini kwamba mtoto akionyeshwa jambo na kuelezwa, ataelewa. Kwanza alitupeleka Mbozi kutazama kimondo, lile bonge jeusi la chuma lililoanguka kutoka mbinguni zamani ambazo hakuna anayezikumbuka. Tulipanda lori, tukatembea kwenye majani marefu, tukalikuta limelala. Baba akatueleza. Tukaligonga kwa kokoto, tukala viazi vya kuchemsha, tukarudi nyumbani na vumbi hadi kwenye kope. Mimi nilikuwa na miaka tisa hivi na sikuona ajabu yoyote ila njaa.

Kwa hiyo fuvu la Mtwa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, liliporudishwa kutoka Ulaya katika miaka ile ya hamsini na kujengewa nyumba ndogo pale Kalenga, karibu na Iringa, tulijua kwamba zamu yetu itafika. Baba alikuwa Mhehe, na fuvu lile lilikuwa la kwao. Lakini safari hii haikuwa ya fuvu peke yake, na sisi watoto tulilijua hilo kwa sababu nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili na kuta zake hazikufika juu.

Babu yetu, mzazi wa baba, alikuwa anapofuka. Alikaa kijijini mbele ya Kalenga, njia ya kwenda Idodi, na macho yake yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. Mbeya alikuwa akija daktari wa macho mara moja moja, na baba alikwisha kuzungumza naye. Kilichotakiwa ni Babu aje akae kwetu mpaka daktari afike. Babu alikataa. Alisema hawezi kwenda kulala katika nyumba ambayo mwenye jiko anamkimbia.

Na kweli mama alimkimbia. Mama alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, mtu wa kanisa, mwimbaji wa kwaya, na mambo mengi ya kwao alikuwa ameyaacha bila kuyasikitikia. Hili hakuliacha. Kwao mwanamke hamtazami baba wa mumewe, wala haonyeshi uso wake mbele yake, wala hakai naye chumba kimoja, wala halitaji jina lake. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia porini. Mimi nilipozaliwa, Babu alisafiri kutoka Iringa kuja kuniona, na mama akapitia mlango wa nyuma na mtoto wake mchanga, akakaa kwa jirani. Mimi nilirudishwa kwa mikono ya watu ili Babu anibebe. Babu alikula chakula cha mama bila kumwona mpishi, na asubuhi akaondoka. Hakurudi tena. Baba alijaribu kumweleza, lakini Babu alisema hayo ni maneno ya mume anayemtetea mkewe.

Basi Kalenga ilichaguliwa na baba kama mahali pa kupatanisha. Babu alitaka wajukuu wamsalimie Mtwa, na alitaka mkamwana wake aingie pia, apige magoti, aonekane kuwa mtu wa nyumba ile. Baba alimjibu kwamba sote tutakuja. Alisema hivyo bila kumwuliza mama, naye mama alipoambiwa alisema tu, "Nitakuja." Hakusema ataingia. Baba, kwa elimu yake yote, hakuiona tofauti.

Tulisafiri kwa basi kutwa nzima. Pale Chimala mama alinunua mchele wa kumpelekea Babu, akauchagua kwa kuutafuna punje punje kana kwamba anampelekea askofu. Tulikuwa mimi, mdogo wangu wa kiume wa miaka minne, na mtoto mchanga mgongoni mwa mama. Tulilala Iringa mjini kwa rafiki wa baba, na asubuhi tukapata lori la kwenda Kalenga.

Babu alikuwa amekwisha kufika. Alikaa kwenye jiwe nje ya ile nyumba, amejifunga mgolole, ile shuka kubwa ya wanaume wa Kihehe, na fimbo yake imelala magotini. Mama alimwona tangu mbali. Aliniwekea mfuko wa mchele kichwani, akajifunika khanga usoni, akaacha njia na kuingia kwenye shamba la mahindi lililokuwa kando.

Tulimsalimia Babu. "Kamwene," tukasema, kama tulivyofundishwa kwenye basi, naye akatupapasa vichwa mmoja mmoja ili ajue urefu wetu. Kisha akageuza uso kuelekea mahindi, ambako nadhani aliona kivuli tu kikitikisika.

"Amekimbia tena?" akauliza.

"Ndiyo, Babu," nikasema, maana nilifundishwa kusema kweli.

Baba akakohoa na kusema twende ndani.

Nimewahi kuingia nyumba nyingi za makumbusho tangu siku ile, nikiwa na watoto wangu na baadaye wajukuu, na zote zina harufu moja, ya rangi ya chokaa na vitu visivyotumika. Ile ilikuwa ya kwanza. Palikuwa na mikuki, ngao, bunduki za zamani, na katikati sanduku la kioo. Babu alivua katambuga zake mlangoni, nasi tukavua viatu. Mlinzi, kijana mwenye kaptula iliyopigwa pasi, alisema si lazima. Babu akamgeuzia uso wake usioona, na yule kijana akatazama miguu yake mwenyewe.

Babu alipiga magoti mbele ya kioo, akapiga makofi polepole kama wanavyofanya kwao mbele ya mkubwa, akamsalimu Mtwa kwa Kihehe kwa maneno marefu. Mdogo wangu alisogea karibu mpaka pua ikagusa kioo.

"Huyu macho yake yako wapi?" akauliza.

"Yamekwenda yanakokwenda yangu," Babu akasema. Kisha akanishika mkono. "Wewe mkubwa, niambie. Kichwa chake kikoje?"

Sikujua kwamba alikuwa haoni kabisa kitu kilichokuwa mbele yake kiasi cha mkono mmoja. Nikamwambia kina rangi ya chai ya maziwa. Nikamwambia meno mengine yapo.

"Ni kikubwa?"

"Hapana, Babu. Ni kidogo."

Hakulipenda jibu hilo. Baba yake mwenyewe alifia katika vita vya huyo Mtwa, na alikuwa amesimuliwa maisha yake yote habari za mtu mkubwa. Kisha akasema, "Sasa mwiteni mama yenu."

Baba akatoka. Tulimsikia akibembeleza kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti isiyo ya chini. Akarudi peke yake.

"Baba, hawezi kuingia ukiwa humu."

"Hawezi au hataki?"

"Kwao ni mwiko. Nimekwambia siku zote."

"Mwacha mila ni mtumwa," Babu akasema. "Mimi nimekuja hapa kwa miguu, sioni njia, nimsalimie Mtwa pamoja na watu wangu. Huyo mkeo anakaa kwenye mahindi. Ananidharau, na wafu wangu anawadharau. Huko Mbeya nitaletewa chakula na nani? Na paka?"

"Yeye ndiye hajaacha mila!"

"Wazee, sauti," mlinzi akasema. Hakuna aliyemsikiliza.

Baba akaanza tena maelezo yake, moja baada ya jingine, kama anayemweleza mgonjwa namna ya kunywa vidonge, na kila lilipoongezeka neno uso wa Babu ulizidi kufungika. Nilitamani baba anyamaze. Nilielewa vizuri kwamba tukiondoka pale namna ile, Babu atarudi kijijini kwake na kupofuka, na hakuna daktari atakayemfuata huko. Niliogopa.

Ghafla Babu akamwacha baba na kunigeukia mimi.

"Wewe. Mama yenu husema nini juu yangu nyumbani?"

"Hasemi kitu, Babu. Hata jina lako halitaji."

"Umesikia?" Babu akamwambia baba.

Sasa hapo lazima nieleze kwamba mdogo wangu alipewa jina la Babu, baba ndiye aliyetaka, na kwamba jambo hilo lilikuwa limeniumiza siku nyingi. Nililisema lote kwa wakati mmoja. Nilisema hata huyu hamwiti jina lake, anamwita Baba tu, na mimi nikimtaja kwa hasira ananichapa. Akimpa chakula anampa kwa mikono miwili. Hamgombezi. Akivunja sufuria hagombezwi, nagombezwa mimi. "Na kuku akichinjwa," nikasema, na hapa nadhani nilikuwa nalia, "firigisi anapewa huyu!"

Babu alikaa wima. "Firigisi?"

"Kila siku!" Ilikuwa chumvi, kuku hatukuwala kila siku.

"Na baba yenu hapewi?"

"Baba anapewa paja."

Kwa mtu wa kwetu hakuna haja ya kueleza. Firigisi ni ya mkubwa wa nyumba. Babu alimpapasa mdogo wangu kichwani, akamshika masikio, akamgeuza huku na huku kana kwamba ndiyo kwanza anamfahamu. Baba alisimama mdomo wazi. Miaka yote ile alikuwa anakula paja bila kujiuliza firigisi imekwenda wapi.

"Tangu lini?" Babu akaniuliza.

"Tangu aanze kutafuna."

Babu akainuka kwa fimbo yake. Alifika mlangoni, akavaa katambuga zake, akapapasa ukuta wa nje mpaka alipopata kona. Pale akasimama uso ukiangalia ukuta, akachukua ncha ya mgolole wake na kujifunika kichwa chote. Mzee mzima, mbele ya watu waliokuwa wakipita barabarani na kuku wa mlinzi.

"Mwambieni apite," akasema kutoka ndani ya shuka. "Mimi sipo."

Mama alitoka kwenye mahindi ameinama, mtoto mgongoni, akapita haraka nyuma ya Babu na kuingia. Alipiga magoti mbele ya kioo. Alikaa pale muda mrefu kuliko sisi wote, akatazama vizuri, kama anayenunua. Baba akamnong'oneza kwamba huyu naye ni mkubwa wa ukoo, haogopi kumtazama? Mama hakugeuka.

"Huyu si mkwe wangu," akasema. "Mkwe wangu yuko nje kwenye jua. Fanya haraka umtafutie kivuli."

Babu alikuja Mbeya baada ya mavuno. Daktari alimtengeneza jicho moja, la pili lilikwisha kuharibika. Mama alikuwa amefunga na kuomba kwa ajili ya macho hayo, na lile moja lilipopona ndiye aliyepata taabu, maana Babu alipokuwa haoni mama aliweza kuvuka ua akinyata, na sasa ilibidi ajifiche kweli. Babu akatafuta dawa yake mwenyewe. Kila asubuhi kabla ya kutoka chumbani alikohoa, kikohozi kikubwa cha makusudi, akangoja, ndipo akafungua mlango. Mama akisikia anaingia jikoni. Majirani wakasema mzee ana kifua. Baba akaleta dawa ya kikohozi kutoka hospitali, na Babu akainywa yote bila kubisha, na asubuhi akakohoa.

Akakaa kwetu mpaka mahindi mapya yakaota, ndipo akataka kurudi kwake. Baba alimsindikiza kwenye basi, na mama akamfungia chakula cha njiani, akanipa mimi nimpelekee.

Kesho yake asubuhi mama alisimama mlangoni mwa jiko, ndoo ya maji mkononi. Hakuvuka ua. Alisimama tu, kichwa kimeelekea chumba cha Babu, mpaka baba akamwuliza anangoja nini. Mama akaitua ndoo. Akakaa kwenye kizingiti, akajifunika khanga usoni ingawa hapakuwa na wa kumficha uso, akalia kwa sauti.

"Ameondoka," akasema. "Na sura yake siijui."