Nilivyomwangusha mjomba tukigeuza sports car ya petroli kuwa ya umeme

Wakuu, poleni na majukumu. Kisa hiki kimenipata mwenyewe hapa Ifakara, na chumvi sijaongeza.

Mimi ni fundi sola. Mjomba wangu ni fundi magari, Mpogoro mbishi, ndiye aliyenifundisha kushika spana. Mwaka jana nilipata sports car ya milango miwili, engine imekufa. Nikamshawishi tuifanye ya umeme. Betri nilitoa Dar, kwenye gari ya umeme iliyopata ajali.

Alinicheka wiki nzima. "Gari halina mlio, ng'ombe wa huku watalisikiaje?"

Kazi ikaenda. Engine chini, motor ndani. Ikabaki kuunga nyaya mbili nene kutoka kwenye betri.

Sasa, gereji zetu mnazijua. Fundi hapimi moto kwa mita. Anashika nyaya mbili, anazigusisha, cheche ikiruka anasema "moto upo." Kwenye betri ya volt 12 haina neno.

Hizi zilikuwa volt 350.

Tabia hiyo niliijua, na sikumwambia. Unaanzaje kumfundisha moto mtu unayempa shikamoo tangu utoto? Niliona aibu, nikajisemea nitakuwa naye karibu tu.

Nikachomeka plagi ya betri, ile inayopitisha moto hadi kwenye nyaya, nikageuka kuchukua mita na glovu. Kurudisha macho, mjomba kashika ncha ya shaba kwa mkono wa kushoto, mtupu, unavuja jasho. Wa kulia unaufuata waya wa pili.

Nikamvaa kwa bega, akaanguka chali kwenye pumba za mpunga tulizomwaga zinyonye oil. Bodaboda wote wa pale nje wakaona.

"Unanipiga mimi? Mjomba wako?"

Nikavaa glovu, nikaweka mita kwenye zile ncha mbili. 352.

"Ungekufa, mjomba."

Aliiangalia ile namba. Kisha akaniuliza, "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza."

Nililia wakuu, mwanaume mzima, mbele za watu.

Akajikung'uta pumba. "Mimi nilitaka kukuuliza tangu juzi moto wa betri hii unapimwaje. Nikaona aibu, wewe mwanafunzi wangu."

Gari sasa inafika Mang'ula kama inafukuzwa. Watu wananisifia speed, mimi nawaza ule mkono wa kulia.

Somo nililopata: heshima yangu nusura imuue mjomba.

Nyie mnamwambiaje mkubwa wenu kwamba hapa hajui? Semeni, maana mimi bado sijui.