Mwaka Tulipogawanywa Kaskazini na Kusini

Mvua ikianza kunyesha Goma, mawe meusi ya volkano hutoa harufu kama ya chungu kilichotoka motoni. Harufu hiyo ilijaa darasani msimu ule Madamu Furaha, mwalimu wetu wa historia, alipotufundisha Amerika ya zamani. Alichora ramani ubaoni bila kutazama kitabu, akikohoa kila mara. Kaskazini, alisema, walijenga viwanda na kutaka nguo za ng'ambo zitozwe ushuru. Kusini waliishi kwa pamba, na pamba ilichumwa na watumwa. Kila jimbo jipya lilipotaka kujiunga nao, waligombana: liingie na utumwa au bila utumwa? Mwishowe wakachora mstari kwenye ramani, juu yake utumwa marufuku, chini yake ruhusa, wakapongezana kwamba ugomvi umekwisha.

Ili tuelewe, Madamu aliligawa darasa tujadiliane. Mimi niliwekwa Kaskazini. Rafiki yangu Kavira, ambaye wazazi wake walitoka Butembo kuja kuuza maharagwe, aliwekwa Kusini, akatakiwa autetee utumwa. Nilisema kwa madaha kwamba hakuna binadamu anayeweza kumilikiwa na mwenzake. Kavira alipojaribu kujibu, darasa likamcheka, machozi yakamlenga.

"Wewe unasema nini?" akaniuliza. "Bababu zenu ndio walikuwa wanafunga watu kamba ku shingo."

Kicheko kikakatika. Wote walijua kwamba sisi ni Waislamu wa Maniema, na kwamba wazee wetu walifika huku na misafara ya biashara ya pembe na watumwa. Madamu hakumgombeza. Alifuta ubao polepole, akaturuhusu twende nyumbani.

Nilimkuta bibi uani akichambua mchele. Nilimuuliza kama maneno ya Kavira ni kweli, nikiomba moyoni akasirike na kukana. Akaweka ungo chini.

"Mutoto wangu," alisema, "babu yangu ndiye alimununua bibi yangu. Sisi tunatoka kwa wote wawili."

Akauchukua tena ungo. Nami sikujua nimkasirikie nani.

Kesho yake nilimweleza Kavira maneno ya bibi. Alinisikiliza hadi mwisho, akanishika mkono, tukaingia darasani hivyo. Madamu alipotaka mjadala uendelee, Kavira alisema hataki upande wowote. Madamu alimtazama kwa uchovu. Alisema hata Wamarekani walijaribu kulinyamazia jambo lile la utumwa, na watoto wao wakaja kulipigania vitani. Kisha akaanza somo jingine.

Sasa nina watoto wanaosoma historia hiyohiyo. Kavira yuko Butembo; barabara haipitiki kwa vita, na kwenye simu tunaulizana habari za watoto na bei ya maharagwe, basi. Zamani tulirushiana neno zito, na kesho yake tukashikana mikono. Siku hizi mtu anakuuliza jina la ukoo kabla hajakusalimia, halafu anakupima kama wewe ni wa upande wake. Mimi hutaja mtaa wangu tu. Kueleza kwamba natoka kwa wote wawili kunahitaji nguvu, na nguvu hizo sina tena.