Ndiva ya Mzee Tumainieli

Mzee Tumainieli wa Vudee aligawa maji miaka arobaini na moja, na watu wa huko mlimani wako tayari kuapa kwamba alikuwa akisikia ndiva ikivuja hata akiwa kanisani, kwaya nzima imepaza sauti. Ndiva ni lile bwawa la mawe na udongo: usiku linakinga maji ya mfereji, alfajiri mgawa maji anazibua tundu, kila shamba linapata zamu yake. Kwa hiyo binti yake Koleta alikua akimjua baba kwa mgongo. Akiamka, baba kashatoka; akilala, baba hajarudi. Akiwa na miaka saba alimwambia mama yake, "Bora ningezaliwa mfereji."

Mama sasa ni marehemu, Koleta ni fundi cherehani pale Same mjini, na baba ameshakaa kwake miaka miwili. Saratani ya kibofu ndiyo iliyomteremsha mlima. Hospitalini Moshi walimkwangua uvimbe, wakamtia dawa kibofuni, wakamwambia kila miezi mitatu arudi Moshi, wamchungulie ndani kwa kamera. Na kila asubuhi akojoe kwenye kopo jeupe, Koleta aliinue dirishani atazame kama kuna damu. Mwanzoni mzee aliona haya, akawa analificha kopo chini ya beseni. Baadaye akazoea, hata akawa anauliza mwenyewe:

"Maji?"

"Meupe, baba."

"Haya, tumwagilie."

Ila Same hakuizoea. Upepo wa huku, alisema, unamnyoa jogoo na mwenyewe asijue. Jioni aliweka kiti nyuma ya nyumba, uso milimani, akatega sikio.

"Ndiva yangu inalia. Yule Nathanaeli niliyemwachia hajui kuziba tundu."

"Baba, Vudee ni mbali hivyo, unasikia nini?"

"Wewe shona. Kipimo cha safari hii kikitoka safi, napanda."

Koleta akashona, na kila akikanyaga cherehani aliomba kipimo kitoke safi. Kisha mguu ulisita, maana sala ile ilikuwa na mkia, na mkia wenyewe hakuthubutu kuutamka. Siku zile za kwenda Moshi, bega kwa bega, wakimenya mayai ya kuchemsha, ndizo siku pekee maishani ambazo baba alikuwa wake peke yake.

Safari ya nane ikafika. Tangu basi lilipopita Mwanga mzee alikuwa kabana magoti, jasho linamtiririka. Koleta akajua ni woga. Hospitalini muuguzi akawapokea.

"Shikamoo, baba. Nenda msalani kwanza, umalize mkojo wote."

"Marahaba. Msalani? Mwenzio nimeziba tangu Mwanga! Nani anakwenda kukagua ndiva tupu?"

"Baba jamani!" Koleta akasema. "Mara ya nane hii, hujajua tu?"

"Mara saba nilikuja kama mgonjwa. Leo nimekuja kama fundi."

Muuguzi alicheka mpaka akashikilia ukuta. Mzee akaenda msalani, na wanasema alikaa huko muda wa kumwagilia ekari nzima ya tangawizi.

Koleta akabaki kwenye benchi. Hapo ndipo alipoomba sala yote, pamoja na mkia wake: awe mzima, na asiondoke. Akaona haya. Akaomba upya, nusu ya kwanza tu.

Mlango wa chumba cha kamera ukafunguka. Baba akatoka anatembea kama mtu aliyeshuka kwenye punda, vidole sita juu.

"Miezi sita! Sasa wananiona baada ya miezi sita. Nimejiona ndani, mwanangu, kwenye televisheni yao. Ukuta mzima, palipokwanguliwa pamebaki kovu tu. Maji yametulia, unaweza kufuga perege."

"Daktari amesema perege?"

"Kovu amesema yeye. Perege nimeongeza mimi."

Koleta akacheka, kicheko kikamwishia njiani.

Jumamosi mzee akapanda mlima. Koleta alimfungia lile kopo jeupe ndani ya khanga, juu kabisa ya mzigo, asije akasema hakuliona.

Jumapili asubuhi alijikuta kasimama dirishani, mkono kauinua, hauna kitu. Simu ikalia.

"Koleta. Meupe."

"Umetazama kwenye mwanga?"

"Nimetazama. Nipo juu ya ndiva, jua ndiyo kwanza linachomoza. Ngoja nizibue."

Koleta akayasikia maji yakitoka kwa kishindo, yale yale yaliyomnyang'anya baba utotoni.

"Baba, usikate," akasema. "Leo zamu ya kwanza ni ya nani?"

Mzee akaanza kumtajia, shamba kwa shamba. Koleta akaenda nyuma ya nyumba, kiti kilikuwa bado kimeelekea milimani. Akakaa, akatega sikio.