Siku Ambayo Sikumfinya Baba

Sisi tuliokulia Mwanjelwa, Mbeya, wakati vumbi la mtaani linafika magotini, tunajuana. Baridi ya enzi zetu ilikuwa baridi kamili, si hii ya siku hizi ya kujaribujaribu. Mwezi wa sita ng'ombe wa jirani alikuwa akikamuliwa, maziwa yanaganda kabla hayajafika kwenye ndoo. Tulivaa masweta matatu, tukacheza rede mpaka masweta yenyewe yakaomba kuvuliwa, kisha tukakimbilia jikoni kula mbalaga, zile ndizi zetu za Kinyakyusa, na maharage yanayochemka. Mama alikuwa akisema, "Kuleni polepole, ndizi hazina miguu." Hazikuwa na miguu, lakini mimi nilikuwa na kaka wanne.

Baba yangu, Fundi Ambakisye, alikuwa fundi bodi, mnyoosha mabati ya magari yaliyogongwa. Ila sifa yake hasa ilikuwa kukagua. Mtu akitaka kununua gari, hasa la zamani linalosifiwa kuwa orijino, alikuja kwanza kumchukua baba. Baba alilizunguka, akalitazama ubavuni kwa jicho moja kama fundi cherehani anayetunga uzi. Alifunua zulia akanusa kama kuna ukungu, akaangalia nati za boneti kama zina majeraha ya spana, akalinganisha namba ya injini na ya kwenye kadi. Mwisho alikunja kidole akagonga bati, inchi kwa inchi, kichwa kimeinama. Kisha alitamka neno moja kati ya mawili: "Limeguswa," au "Halijaguswa." Hapo hata muuzaji mwenye hirizi saba alinyamaza. Kutoka Tunduma hadi Iringa, neno la baba lilikuwa muhuri.

"Bati linaimba, puti linakohoa," alitufundisha. Puti ndiyo ile dawa nzito mafundi wanayopaka kuziba tundu la kutu, halafu rangi ikipita juu huoni kitu. Basi watoto wa nyumba ile tuligonga kila kitu. Tuligonga madebe, maboga sokoni, mimbari ya kanisa, na siku moja kipara cha babu akiwa usingizini. Babu alikuwa anaimba. Vijana wa leo hata mlango hawagongi, mtu amesimama hatua mbili kutoka kizingitini kwako anakutumia ujumbe, "Nipo nje."

Kati ya wote, sikio kali lilikuwa langu. Miaka mingi baadaye, nikisoma sekondari kwa masomo ya jioni, mama mtu mzima na wajukuu wako njiani, mwalimu wa fizikia alitueleza jinsi sauti inavyosafiri ndani ya chuma. Nusura nimwambie, mwalimu kaa kidogo, hiyo mada mimi nimeilia mbalaga.

Nilipokuwa na miaka tisa, masikio ya baba yalianza kumwacha. Nyundo za miaka yote zilikuwa zimeyamaliza. Nilimgundua kanisani, alikuwa anaanza ubeti wa pili wakati waumini wote wameshakaa. Siku hiyo hiyo alinichukua nyuma ya nyumba akaniambia, "Tumpe, hili ni la wawili. Nikigonga gari, wewe shika koti langu. Ukisikia inakohoa, nifinye. Ikiimba, tulia." Nikawa sikio la baba. Tulikagua magari mwaka mzima, na watu wakasema, tazameni fundi anavyompenda binti yake, hamwachi nyumbani.

Ndipo alipokuja Mzee Sanga, mfanyabiashara wa mbao, aliyesikia kuna gari la michezo linauzwa Iringa. Lilikuwa la milango miwili, viti viwili, jekundu, paa lake la turubai linakunjwa kama mwavuli. Tukapanda pikapu yake watatu, tukapita Makambako na Mafinga, mpaka dukani kwa Sharifu Omari, muuza vitambaa ambaye wazee wake walitoka pwani.

"Karibuni, karibuni," alisema Sharifu. "Chai kwanza, gari halikimbii."

"Lisipokimbia tutalinunua la nini, Sharifu?" alijibu Mzee Sanga.

Walicheka, tukanywa chai ya tangawizi. Sharifu akafungua banda la uani. Jamani! Nimeshaona harusi, nimeshaona watoto wangu wakizaliwa, lakini kitu chekundu namna ile sijakiona tena.

"Mimi najua vitambaa," Sharifu alisema bila kujificha. "Nililinunua kwa mzungu mmoja wa mashamba ya chai, nikalikuta hivi hivi. Kama limeguswa au halijaguswa, fundi ndiye atakayesema."

Mzee Sanga akaniinamia. "We Tumpe, baba yako akisema halijaguswa, unarudi Mbeya na mimi humu, nywele nje kama malkia. Yeye ataleta pikapu."

Baba akaanza. Nati hazikuwa na jeraha. Namba ya injini ilikuwa ile ile ya kwenye kadi. Viti vilikuwa na mshono wa kiwandani. Akakunja kidole, nami nikashika koti. Boneti iliimba. Mlango wa kulia uliimba, wa kushoto ukaimba. Akafika kwenye fenda ya mbele kushoto, lile bati linalofunika tairi, akagonga, nayo ikakohoa. Ilikohoa kama mzee mwenye pumu. Nilishangaa duka zima halikusikia.

Baba alingoja. Aligonga tena mahali pale pale, akangoja tena.

Nilitazama kile kiti cha abiria. Sikumfinya.

"Halijaguswa," alisema baba.

Nisiwafiche, safari ile ilikuwa tamu. Kwenye misonobari ya Sao Hill upepo ulinivua kitambaa cha kichwani, nadhani mpaka leo kipo Dodoma. Mafinga watoto walitukimbilia wakipiga vigelegele. Nilipunga mkono mpaka bega likateguka. Nyuma kabisa baba alikuwa anakuja na pikapu peke yake.

Masika yalipoingia, ile fenda ilianza kuvimba. Siku moja Mzee Sanga amesimamisha gari mbele ya soko, watu wamejaa, puti ikadondoka kipande kizima. Ndani yake kulikuwa na bati la debe la mafuta ya kupikia, maandishi bado yanasomeka vizuri: WEKA MAHALI PAKAVU. Soko lilicheka wiki nzima. "Sanga amenunua debe!"

Alikuja nyumbani jioni ile. Baba alikuwa amempa mgongo, ananoa panga.

"Fundi, uliniambia halijaguswa."

Baba hakugeuka. Mzee Sanga akarudia kwa sauti kubwa, kisha akamzunguka mbele, naona alianza kuelewa. Baba alipoona kivuli akasimama.

"Sisikii, Mzee Sanga," alisema. "Mwaka wa pili sasa. Niliwaficha. Kosa ni langu."

Mama alibaki na mwiko hewani. Kumbe yeye siku zote alidhani baba kutoitika ni kiburi cha wanaume. Mimi nilikuwa mlangoni. Baba hakunitazama, hakutaja koti wala kufinywa. Baada ya hapo hakuna mtu aliyekuja tena kumchukua kwenda kukagua gari. Alianza kulima viazi kwenye miteremko ya Uyole, akalima mpaka alipokufa. Nafasi za kumwambia nilizipata elfu moja, na zote nilizifanyia mzaha, maana mzaha ndio ninaouweza. Mara moja tu, tunavuna, alisimama akajinyoosha mgongo akaniuliza, "Lilikimbia vizuri, eh?" Nikasema, "Ndiyo, baba." Akainama tena kwenye viazi.

Mwezi uliopita Neema, binti wa kaka yangu, alinichukua twende Iringa kuangalia gari la michezo la zamani analotaka kununua. Nikakunja kidole. Akacheka, "Shangazi, siku hizi hatugongi, tunapima." Akatoa kidude kidogo kama kiberiti, kinachopima unene wa kilichopakwa juu ya bati, akakigusisha mlangoni, kikaonyesha namba. Akakigusisha kwenye fenda, kikaonyesha namba nyingine, naye akamgeukia muuzaji papo hapo: "Kaka, hapa pana puti." Ilichukua muda wa kupiga chafya. Hakuna aliyeshika koti la mtu, na hakuna aliyeulizwa anatamani nini.

Enzi zetu zilikuwa tamu, nitazisifia mpaka nizikwe. Lakini nilikiomba kile kidude nikakishika. Baba angekuwa nacho, asingenihitaji. Ningebaki nyumbani siku ile, gari jekundu nisingelipanda kamwe, na yeye angebaki fundi.