Nilivyomchelewesha Mwanangu Kidato cha Tano

Nimesoma mpaka darasa la tatu na sioni haya kusema. Visima vya Zinga, ukishuka mpaka Kaole, vingi nimevichimba mimi kwa mikono hii, kabla hawajaja hawa wenye mitambo. Nyumba ya tofali nimejenga, watoto sita nimewalea. Kwa hiyo mtu wa vyeti akianza kunieleza maisha, huwa namtazama viatu tu.

Wa mwisho katika hao sita ni binti. Alimaliza kidato cha nne akafaulu, akapangiwa kidato cha tano kwenye shule ya serikali ya bweni, huko bara, mbali, unapanda basi alfajiri ukafika kesho yake. Jirani yetu, mwalimu aliyehamia kwetu kutoka bara, ndiye aliyeitoa fomu ya kujiunga kwenye mtandao. Akaja nayo barazani kwangu anacheka meno yote nje, utadhani kafaulu yeye.

Binti akaisoma kwa sauti. Godoro. Ndoo mbili. Rimu ya karatasi. Fagio. Fyekeo. Jembe na mpini wake.

"Rudia hapo," nikamwambia.

"Jembe na mpini wake, baba."

"La nini?"

Mwalimu akadakia. "Shule nyingi za bweni ndivyo zilivyo, mzee wangu. Wanalima bustani, wanasafisha mazingira. Ni kawaida."

"Kawaida ya kwenu. Mimi nimemsomesha huyu miaka kumi na moja ili asishike jembe. Leo kafaulu, zawadi yake jembe? Na waliofeli watapewa nini, trekta?"

Mama yake akacheka huko ndani. "Mtu mzima anagombana na jembe!"

Hapo ndipo niliposema haendi. Pengine mke wangu asingecheka ningenyamaza. Lakini alicheka, na mbele ya mwalimu.

"Baba," binti akasema, "zikipita wiki mbili sijaripoti, nafasi yangu anapewa mwingine."

"Apewe."

Kesho yake nikavaa kanzu safi nikaenda kwenye shule ya mtu binafsi kando ya barabara ya Dar. Geti la rangi, maua, wanafunzi wamechomekea. Mwenye shule ananijua, kisima chao nilikichimba mimi. Nikamwambia nina binti wa kidato cha tano. Akasema, "Mlete tu mzee, nafasi zipo, wiki ijayo tunapokea." Tukapeana mikono. Mimi kazi zangu zote nimezipata hivyo. Mtu ananionyesha mahali, tunapeana mikono, nachimba. Karatasi za nini?

Niliporudi binti akaniuliza, "Umewauliza wana tahasusi gani?"

"Tahasusi ndiyo mdudu gani?"

"Masomo matatu unayokwenda nayo mpaka kidato cha sita. Mimi nimepangiwa Fizikia, Kemia na Hisabati."

"Shule ni shule. Watakufundisha."

Hakubisha tena. Siku zote zile alikuwa ananipa chakula, ananisalimia shikamoo asubuhi, ananimiminia maji ya kunawa, na zaidi ya hapo hanisemeshi. Mwalimu naye akipita barazani anasalimia upande wa mke wangu. Nikasema moyoni, nuneni, mtanishukuru.

Siku ya kumi na tatu tangu shule za serikali zifunguliwe, nikampeleka kwa yule mwenye geti la rangi. Akatupokea mwalimu wa taaluma, kijana mwenye tai. Akatazama matokeo ya binti, akanitazama mimi.

"Huyu ni wa sayansi, mzee. Sisi kidato cha tano tuna Historia, Jiografia na Kiswahili. Maabara hatuna."

"Basi mtieni humo humo, ana akili."

"Anaweza. Lakini akisoma haya, chuo kikuu hawezi kuingia uhandisi. Hata akipata A zote."

Nikamgeukia binti. "Kwani nani kasema uhandisi?"

"Mimi. Wa maji."

"Tangu lini?"

"Tangu kile kisima cha Kaole." Alisema akiwa ananitazama usoni, jambo ambalo hakuwa analifanya. "Nilikwambia usiongeze kina, chini kuna maji ya bahari. Ukaniambia nikapike."

Kisima kile kilitoa maji ya chumvi. Mwenyewe alinitukana mbele ya majirani. Kijana wa tai akajifanya anapanga kalamu.

Nilitoka nikamwambia binti akapakie mizigo, twende bara. Godoro tukalinunua, ndoo, na hilo jembe nikalinunua mwenyewe, na mpini nikautia mwenyewe. Mpaka tunafika kwenye ofisi ya ile shule ya bara, ilikuwa siku ya kumi na sita.

Mkuu wa shule ni mwanamke wa rika la binti yangu wa pili. Shikamoo hakunipa. Akasema, "Mmechelewa. Kwa nini?"

"Mambo ya nyumbani."

"Mambo gani? Majina ya wasioripoti nayapeleka leo."

Akatoa karatasi nyeupe na kalamu, akanisogezea. "Mzazi aandike maelezo. Hapa, sasa hivi."

Binti akanyoosha mkono haraka. "Naomba niandike mimi, mwalimu. Baba hana miwani."

Uongo mtupu. Sijawahi kuvaa miwani.

"Wewe hukuchelewa, umecheleweshwa," mkuu akamjibu. "Aandike yeye."

Nimeteremka visima ambavyo wanaume wengine walikataa hata kuchungulia, sikutokwa na jasho kama lile. Karani aliacha kupiga chapa akawa ananiangalia. Herufi zangu ni kubwa, zinapanda mlima. Niliandika hivi: Mimi ndiye baba yake. Yeye alitaka kuja. Mimi nilimkataza. Kosa ni langu.

Mkuu akasoma. Sikuona uso wake ukilegea hata kidogo.

"Hujaweka tarehe."

Ikabidi nimuulize binti tarehe. Akaninong'oneza, nikaiweka. Mkuu akaigonga muhuri karatasi ile, akaitia kwenye faili la mwanangu, na humo itakaa, kila ajaye na aendaye ausome mwandiko wangu. Akamwambia, "Peleka mizigo bwenini, uende darasani. Wenzako wako mada ya pili."

Binti akajitwika godoro, akashika ndoo. Alisema, "Haya, baba," basi, akaondoka kwa haraka, karibu anakimbia. Nilibaki nimesimama mbele ya meza kama niliyeitwa kuadhibiwa.

"Mzee," mkuu akasema bila kuinua kichwa, "karani atakuonyesha geti."

"Geti naliona," nikamjibu.