Bunduki Iliyogoma Kufunga

Harufu ya mafuta ya cherehani ni nyembamba, tamu kidogo, na huganda puani. Majuzi huku Mantapala, ninakofundisha ushonaji, mwanafunzi wangu mmoja alimwaga kichupa kizima mezani. Wenzake walicheka. Mimi nilisimama na kitambaa mkononi, nimesahau kufuta, kwa maana harufu ile ilikuwa imenirudisha kwenye baraza yetu ya Kabuta, kijiji cha kando ya ziwa, alasiri moja nilipokuwa na miaka tisa na bunduki ya baba imelala juu ya meza ya mama.

Baba yangu alikuwa askari wa wanyamapori. Kazi yake ilikuwa kulinda wanyama dhidi ya watu, na watu dhidi ya wanyama, na yeye mwenyewe alisema hajui upande upi ulimchosha zaidi. Alikuwa Mbemba wa ziwani. Mama alitoka ng'ambo ya ziwa, Pweto, akavuka na cherehani yake ya mkono na Kiswahili chake cha Kongo. Baba alikuwa akikijua Kiswahili cha sokoni, cha kuulizia bei ya samaki, lakini mama akakifanya kuwa lugha ya nyumba. Mimi nilikitumia hasa kwa kuuliza. Kila jambo nilitaka kujua chanzo chake, hata baba akanibandika jina: Mama Juu-ya-nini, maana kwa Kiswahili cha mama "kwa nini" ni "juu ya nini".

Bunduki yenyewe ilikuwa ya zamani, ya kupakia risasi moja moja kwa mkono. Ilikuwa na chuma chenye mshikio, baba alikiita bolti. Unakivuta nyuma, unakisukuma mbele, nacho kinaiingiza risasi katika tundu lake, chemba; kisha unaulaza mshikio chini na bunduki inakuwa imefungwa. Isipofungwa haipigi. Sisi watoto hatukuruhusiwa kuigusa, ila macho hayakukatazwa, nami niliitazama mpaka nikaujua mlio wake kama mtu anavyoujua mlango wa kwao.

Asubuhi ya siku hiyo kiboko alikuwa ameingia kwenye gati letu, mahali wanawake walipochota maji na mitumbwi ilipofungwa. Ba Kunda, jirani yetu mvuvi tuliyemwita Ba kwa heshima, alikuwa ndiyo kwanza anarudi na nyavu. Kiboko aliuinua mtumbwi wake kwa kichwa, polepole, kama mtu anayefunua sufuria kuona kuna nini, ukapinduka naye. Baba alifika mbio. Nilikuwa nyuma yake kwa hatua kumi, ndoo ikiwa bado kichwani. Alisukuma bolti, akaulaza mshikio. Ukafika nusu, ukagoma. Akaubana kwa nguvu zote, mishipa ya shingo ikamtoka, lakini wapi. Wanaume waliokuwa pale wakaanza kupiga masufuria na makasia na kurusha mawe, mpaka mnyama akarudi majini. Ba Kunda alitolewa majini akiwa hai, mkono wa kulia umevunjika mahali pawili.

Hakuna aliyemtukana baba. Mke wa Ba Kunda tu, alipokuwa akiufunga ule mkono kwa chitenge, alisema bila kuinua macho, "Basi ile bunduki ni ya kupambia bega."

Tulirudi nyumbani. Baba aliupiga mshikio kwa kiganja kuelekea nyuma mpaka risasi ikaruka mchangani. Akaiokota, akakaa barazani, akasafisha bunduki yote. Alipitisha kitambaa na mafuta ya mama ndani ya mtutu na ndani ya chemba, mara tatu, mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Kisha akauelekeza mtutu kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, akatufukuza sote tukae nyuma yake, akajaribu tena risasi ile ile. Ikagoma. Akainua ngumi.

"BaShiMutale," mama alisema kutoka kwenye cherehani yake. Ndivyo alivyomwita, baba wa Mutale, kwa jina langu. "Ile chuma haisikie ngumi."

"Imezeeka," baba akasema. "Nitaipeleka Nchelenge, bomani."

"Na kiboko itangojea urudi?" Aliendelea kushona mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno. "Risasi zote njo zinakatala, ao zingine tu?"

Baba alishusha ngumi. "Bado sijazijaribu."

"Basi pima. Anza na zile za mu karto."

Risasi za baba zilikuwa sehemu mbili. Nyingine zilikaa kwenye boksi la karatasi, hiyo karto ya mama, ndani ya sanduku la nguo, na nyingine kwenye mkaba wa ngozi alioufunga kiunoni kila siku, kila moja katika kishikizo chake. Mkaba huo aliushona kaka yake, ambaye alikuwa ameaga dunia kabla tu ya mvua za mwaka ule. Nilikimbia kuleta boksi. Risasi ya kwanza ikaingia, mshikio ukalala kwa mlio ule niliouzoea. Ya pili vilevile. Ya tatu. Akachukua moja ya mkaba: ikagoma. Nyingine: ikagoma.

"Kumbe bunduki si mgonjwa," nikasema.

"Kelele, Mama Juu-ya-nini," baba alisema, lakini sauti yake ilikuwa imelegea. Sasa hata yeye alitaka kujua. Akaziweka risasi mbili kando kwa kando, akazipima kwa uzi wa mama. Urefu sawa. Akazisogeza karibu na jicho.

"Chukua masizi ya mu kioo cha taa, uipake," mama akasema. "Mu mashini, kama chuma inagusana mahali siione, nafanya vile. Pale inagusana, masizi itatoka."

Niliileta taa. Baba alichovya kidole, akaipaka risasi mpaka ikawa nyeusi kama punje ya mahindi iliyoungua. Akaiingiza taratibu, akabana kidogo, akaitoa. Sote watatu tukainama. Masizi yalikuwa yamefutika mahali pamoja tu, katikati ya ganda la shaba, kwenye mstari uliolizunguka kama pete. Baba alipitisha ukucha pale. Chini ya ukucha ukaingia ukoko mgumu wa kijani, kama nta.

"Juu ya nini hapo tu?" nikauliza.

Mama alikuwa ameinama akiingiza uzi kwenye sindano, akakosea, akalamba ncha, akakosea tena. Baba alifungua mkaba, akairudisha ile risasi kwenye kishikizo chake. Ngozi ilikaa juu ya pete ile sawasawa, bila kuzidi wala kupungua. Ile ngozi na unyevu wa ziwa vilikuwa vimeitafuna shaba pale vilipokutana, na kutu ya kijani ikaota juu yake, nyembamba kuliko ukucha, lakini chemba haina nafasi hata ya ukucha.

"Ni mkaba," baba alisema.

Akaushika muda mrefu. Kisha akazitoa risasi zote, akazifuta moja moja. Zilizokuwa zimelika akazitenga, hakutaka kuzitumia tena. Jioni ile mama alimpa kifuko cha kitambaa cha pamba, chenye maua ya njano, na alikivaa kazini akichekwa na wavuvi wote wa Kabuta.

Kiboko alirudi siku ya tatu, saa za kuchota maji. Bolti ilifunga. Nyama iligawanywa kwa kila nyumba, nami nilizunguka nikimweleza kila aliyetaka na asiyetaka kusikia jinsi baba yangu alivyogundua siri ya risasi kwa akili yake mwenyewe, mama akiulizauliza tu kwa kuwa hakujua mambo ya bunduki.

Niliamini hivyo hadi utu uzima. Baba alipofariki, tulikuwa tukikunja nguo zake, mimi na mama, nikamkumbusha hadithi ile ili nimchangamshe. Hakucheka.

"Nilikuwa nafula mashati yake," alisema. "Tangu mvua ianze niliona alama ya rangi ya majani, hapa kwa kiuno. Shaba yenye kuoza naijua. Nilijua ni mukaba."

"Mbona hukumwambia?"

"Kilio ya kaka yake ilikuwa ingali mupya, na ule mukaba ni yeye aliushona. Nikasema, nitamwambia kesho. Kesho ikakuwa miezi mbili." Alikunja shati, akalikunjua, akalikunja upya. "Ule mukono wa Ba Kunda, Mutale, na mimi nilikuwa mu wale walivunja."

Nilikaa kitandani. Maswali yake ya siku ile, ambayo niliyaona ya mtu asiyejua, yalikuwa ya mtu aliyejua na kuogopa kusema, akimwongoza baba polepole mpaka alione kosa kwa macho yake. Na nikakumbuka jambo ambalo sikuwahi kuuliza sababu yake, mimi niliyeuliza sababu ya kila kitu: kila mwaka shule zilipokaribia kufunguliwa, mama aliweka kando kazi zote za wateja na kushona kwanza sare za watoto wa Ba Kunda, wote sita, mpaka wa mwisho alipomaliza shule. Nilidhani anawapenda tu.